Niongeze au Nibadilishe

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta shuka la mgeni katika sanduku la chini, nikatoa kitambaa ambacho mkono wangu ulikitambua kabla ya macho. Ni kanga ya zambarau iliyochakaa, imeshonwa kama mfuko mkubwa wa kugeuza juu chini, na upande mmoja umetokeza nundu. Binti yangu aliuliza kama ni foronya. Nikamwambia ni vazi la kompyuta. Akacheka, akidhani namtania. Nilikisogeza puani nikitegemea harufu ya dawa ya nondo tu, lakini ndani kabisa, kwenye mshono wa ile nundu, palikuwa bado na harufu ya vumbi lililopata moto. Nikakaa kitandani. Mgeni alisubiri shuka lake, na mimi nikawa nimekwenda Kibiti.

Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinabadilisha mikono. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua korosho kwetu kilikuwa kimelegea, wanunuzi binafsi wameingia na mizani zao, na makarani wanapunguzwa mmoja mmoja. Baba yangu alikuwa karani wa kupiga chapa. Alipopunguzwa na kupewa kiinua mgongo chake, wenzake wakanunua bati na mashine za kukoboa. Yeye alikwenda Dar es Salaam, akarudi juu ya lori ameketi katikati ya magodoro, amepakata kompyuta iliyokwishatumika ofisini kwa watu wengine. Nakumbuka alivyoishusha. Hakukubali mtu amsaidie. Aliitembeza kutoka barabarani mpaka sebuleni kwetu kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

Ilikuwa na skrini yenye chogo refu kiasi kwamba meza ilibidi isogezwe mbali na ukuta, na chini yake sanduku la rangi ya maziwa yaliyoungua. Baba aliandika kwenye kibao kwa rangi nyekundu, TUNAPIGA CHAPA, akakitundika nje. Watu wakaja. Walikuja vijana na barua za kuomba kazi, walimu na mitihani, wazee wa msikiti na kadi za maulidi, na wenye harusi. Umeme ulitoka kwa jirani yetu, Bwana Seif, aliyekuwa na kibanda cha video na jenereta lake. Waya ulipita juu ya ua wetu, umeegemezwa kwenye mti wa mkorosho. Kwa hiyo baba alifanya kazi saa za filamu tu, kuanzia alasiri. Mashujaa wa Kihindi walikuwa wakilia mapenzi ng'ambo ya ukuta huku yeye akipiga Yah: Ombi la Nafasi ya Ualimu. Bwana Seif hakuwa na desturi ya kuaga anapozima. Filamu ikiisha, jenereta limekufa, na kazi isiyohifadhiwa imekufa nayo. Ndiyo maana baba, ambaye hakuwahi kuingia kwenye kile kibanda hata siku moja, alizijua filamu zote kwa masikio. Wimbo wa mwisho ukianza, alikuwa anahifadhi.

Mama alikuwa hagusi ile mashine. Kazi yake ilikuwa shamba la mihogo na mikeka ya ukindu aliyoisuka akikaa mlangoni, lakini yeye ndiye aliyeishonea vazi lile kwa kanga yake, na kila siku umeme ukikatika aliivika. Akiwa na furaha aliiita mke mwenzangu. Akimkuta baba ameinama mbele yake wakati chakula kinapoa, alisema, "Mke mwenzangu leo ana zamu ndefu," na baba alicheka bila kugeuka.

Kisha mama akapata mimba, na mimi nikaahidiwa mdogo wangu. Nilimchagulia mpaka jina. Siku moja akapelekwa hospitali, akarudi akiwa amejifunga kanga mbili tumboni na mikono mitupu. Hakuna aliyenieleza kitu. Shangazi Asha, dada yake baba, alishuka kutoka Kipatimu huko milimani kwa Wamatumbi wenzao, akakaa kwetu siku chache. Nilimsikia akisema na baba kuwa mtoto mmoja ni kama jicho moja, likiingia mchanga umekuwa kipofu. Baada ya hapo mama hakuiita tena ile kompyuta mke mwenzangu, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Nilikuwa darasa la tatu kompyuta ilipoanza kuumwa. Kwanza ilichelewa kuamka. Baba aliiwasha, akaenda kutawadha, akaswali alasiri na sunna zake, akarudi akaikuta bado inanguruma kabla ya kuonyesha herufi yoyote. Halafu ikaanza kuganda. Mshale unasimama katikati ya skrini, yeye anaupigia kitufe hiki na kile, hausogei. Mwalimu mmoja alipoteza mtihani mzima wa Jiografia ukiwa umebaki swali la mwisho. Hakugomba, ila mtihani uliofuata aliupeleka stendi, kwa kijana aliyefungua chumba chake chenye kompyuta ngeni na feni. Wengine wakamfuata. Ile sebule, ambayo kila alasiri ilikuwa na watu wameketi kwenye benchi wakingoja zamu, ikaanza kuwa na benchi tu.

Baba akaagiza fundi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana anaitwa Hashimu, mwembamba, mwenye begi la bisibisi. Siku aliyokuja mimi nilikuwa chuo cha Kurani kwa maalimu, na mama yuko shambani. Niliporudi nilikaa uani kunawa miguu, maana mama hakutaka mchanga ndani. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na sauti zao zilinifikia vizuri.

"Mzee, nikueleze ukweli," Hashimu alikuwa anasema. "Wengine wote wazima. Aliyechoka ni mama."

Baba akauliza, "Nikiongeza je?"

"Kuongeza unaweza. Utapata nafuu ya muda. Lakini mama huyu mzee, habebi tena. Ukimzidishia mzigo atakufia mikononi. Ningekuwa mimi, ningebadilisha. Dar wamejaa, wengine wametumika kidogo tu."

Nilikuwa nimeshika kopo, maji yakaendelea kumiminika miguuni mpaka yakaisha. Kwetu hakuna mtoto asiyejua maana ya kuongeza. Mwanamume akioa mke wa pili, watu husema fulani kaongeza, na hawahitaji kutaja alichoongeza. Baba wa rafiki yangu alikuwa ameongeza, na rafiki yangu sasa alikuwa analala kwa bibi yake.

"Huyu nimeanza naye," baba akasema. Sauti yake ilikuwa chini, kama anajisemea. "Nipe muda nifikiri. Na hapa nyumbani usiseme kwanza. Nitasema mwenyewe."

Jioni mama alirudi na tenga la mihogo kichwani. Nilimtazama kama sijamwona kabla. Alilitua tenga, akashika kiuno, akapumua kwa mdomo, na mimi nikajua kuwa fundi amesema kweli, mama kachoka. Nikaona pia kwamba alikuwa na mvi mbili juu ya sikio na kisigino kimepasuka. Kuanzia siku ile nilijitwika kazi ya kumfanya asichoke. Niliteka maji kabla ya kuambiwa. Nilifagia uwanja mpaka wapita njia wakanisifu. Akipiga miayo mbele ya baba, nilijikohoza kwa nguvu ili baba asisikie. Nilimuuliza kwa nini hapaki wanja siku hizi. Alinitazama sana, akasema wanja umekwisha. Nikaenda kuomba kwa mama wa jirani, nikamletea kidogo kwenye kipande cha karatasi. Aliupaka, nadhani kwa kuniridhisha, na nikamvizia baba aone. Baba alikuwa ameinamia lile sanduku, amefungua mfuniko, anapuliza vumbi.

Shule zikafungwa na mama akanituma Chumbi kwa mama yake, kumsaidia kuamia ndege. Ilikuwa desturi yetu kila mpunga ukianza kukomaa. Miaka mingine nilikwenda nikiruka. Safari hii nililia mpaka nikasemwa, nikakabidhiwa kwa jirani aliyekuwa anakwenda msibani huko, tukavuka mto kwa pantoni. Nilisimama nyuma nikitazama ng'ambo tuliyotoka. Nilikuwa na hakika kwamba nikirudi, mlangoni kwetu atakuwa ameketi mwanamke mwingine, ametoka Dar, ametumika kidogo tu.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka mabonde. Aliishi msimu mzima juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu kinachosimama katikati ya mpunga, na kutoka pale alivuta kamba zilizofungwa makopo na kuwatukana ndege kwa majina ya watu waliomuudhi. Kazi yangu ilikuwa kombeo. Kwa siku kadhaa nilikaa nalo mapajani. Ndege walishuka kwa makundi, wakainamisha mashuke, nami nikawatazama. Alinivumilia, kisha akanisogelea pale juu, akakaa mbele yangu akaniuliza nani kafa.

Nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoyasikia, kwa maneno yale yale, kwa sababu nilikuwa nimeyarudia moyoni kila usiku kama mtu anayehifadhi sura ya Kurani. Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Alisema habebi tena?"

Nikaitikia kwa kichwa. Aligeuka kutazama shamba. Makopo yalikuwa yametulia, na kundi zima la ndege lilikuwa limetua pembeni, linakula bila haraka. Bibi hakuvuta kamba. Alianza kukunja mkeka wake.

"Na mpunga?" nikamuuliza.

"Waache wale," akasema. "Utaota mwingine."

Mtu asiyelima hawezi kujua alichokisema bibi pale. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama, kimebakiza siku chache kuvunwa, naye akakiacha kwa jirani mwenye shamba lake mwenyewe la kuangalia. Asubuhi iliyofuata tukavuka tena kwa pantoni, tukapata lori la mkaa. Bibi alikuwa amevaa kanga zake za Idi.

Tulifika alasiri, jenereta linanguruma na filamu imepamba moto. Baba alikuwa anampigia mteja barua. Alipomwona mama mkwe wake mlangoni alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Nyinyi wa pwani mnajua heshima ya mkwe ilivyokuwa. Bibi hakuwa ameingia sebuleni mwa baba tangu harusi. Akija alipitia uani, akaonana na mama, akaondoka. Sasa aliingia kwa mlango wa mbele, akaitikia shikamoo yake, akaketi kwenye mkeka nyuma ya mlango, uso ameuelekeza ukutani kidogo ili wasitazamane. Alikataa maji. Mteja akaelewa kuwa barua yake haitakwisha leo, akaaga. Mimi nikajibanza chini ya meza, kwenye nyaya.

"Baba Zuhura," bibi akaanza, na sauti yake ya kuvuka mabonde ilikuwa haipo. "Nimesikia umeambiwa mwanangu kachoka. Sikuja kukulaumu. Wanaume wanaongeza, dini imeruhusu. Lakini kama unabadilisha, nimekuja kumchukua kabla hujanirudishia. Shamba lipo, na dungu linatosha watu wawili."

Wakati huo mama alikuwa anaingia kutoka uani na birika la kahawa. Alisikia yote. Nilikuwa namwona kuanzia magotini kwenda chini, na nikaiona miguu yake ikisimama. Nilitegemea atauliza, mambo gani haya, nani kasema, au atalia. Aliweka birika sakafuni polepole. Kisha akamwambia baba, "Umeshaamua?"

Ndiyo hayo tu aliyosema. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikayapima uzito. Mama hakushtuka. Mama alikuwa akilingojea neno hilo tangu aliporudi hospitali na mikono mitupu, kila siku, akisuka mikeka, akilima, akiivika kompyuta kanga yake, na sasa aliona limefika na mama yake amekuja nalo.

Baba alitutazama mmoja mmoja. Akauliza habari hizo zimetoka wapi. Bibi akasema zimetoka kwa fundi wake wa Dar, na mjukuu wake amezisikia kwa masikio yake. Baba akainama, akaniona chini ya meza. Akaniambia nimweleze alichosema fundi. Nikarudia: wengine wote wazima, aliyechoka ni mama, ukiongeza utapata nafuu ya muda.

Hakucheka. Watu ninaowasimulia hudhani alicheka. Aliizima kompyuta palepale bila kuhifadhi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akachomoa nyaya, akalishusha lile sanduku mpaka mkekani, mbele ya mama mkwe wake. Akaleta bisibisi. Skrubu moja ikamponyoka ikabingirika. Alipoufungua mfuniko, lile vumbi la moto likatoka. Ndani mlikuwa na ubao mpana wa kijani, umechomekwa vitu vingi vidogo kama mji unaoutazama kutoka kilimani.

"Huu," akasema, "mafundi wanauita mama. Vingine vyote vinabebwa na huu. Nilitaka kuongeza memori, yaani uwezo wake wa kushika mambo, akasema ubao wenyewe umechoka, haubebi. Nikawa nafikiri niongeze au nibadilishe. Sikuwaambia kwa sababu nilijua mtaogopa njaa."

Bibi aligeuka kutoka ukutani, akatazama. Alitazama ule ubao, akanitazama mimi, akatazama tena ubao. Kisha akajifunika mdomo kwa kanga na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alicheka mpaka akajipangusa machozi, akasema ndege wa Chumbi leo wamekula karamu ya bure. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa nimetua mzigo ambao sikujua ni mzito kiasi kile.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku, anaitazama ile skrubu iliyoanguka. Aliiokota.

"Huyu wa ndani ya sanduku nimemwona," akasema. "Na yule wa Kipatimu?"

Kicheko cha bibi kikakatika. Ng'ambo ya ukuta wimbo ulikuwa umeanza. Baba akakaa chini, kwenye sakafu tupu.

"Dada alinitajia mtu," akasema. "Nilimwambia asilirudie neno hilo kwangu. Sikuongeza, na siongezi."

"Ulimwambia lini?"

"Siku ile ile. Hata chai hakumaliza."

"Na mimi hukuniambia."

"Niliona limekwisha."

"Kwako lilikwisha," mama akasema.

Bibi alinivuta mkono akanitoa nje. Alidai tunakwenda kutafuta ukwaju, lakini hatukutafuta ukwaju wowote. Tulikaa chini ya ule waya wa Bwana Seif, yeye akinisuka nywele ambazo zilikwishasukwa, mpaka filamu ikaisha na jenereta likanyamaza. Tuliporudi sanduku lilikuwa bado wazi mkekani. Mama alikuwa amekaa upande mmoja na baba upande wa pili, macho yao wote yamevimba, na kahawa imepoa kwenye birika bila kumiminwa. Walisema nini muda ule wote sikujua wakati ule na sikuja kujua. Yapo maswali ambayo mtoto huyabeba akidhani atayauliza akikua, na akikua wa kuulizwa hawapo.

Bibi alilala siku moja, akarudi kuokoa mpunga uliobaki. Akiwa barabarani, mguu mmoja juu ya ngazi ya lori, alimgeukia baba na kumwambia, "Huyo mama wa chuma mbadilishe. Wangu mwache." Na bado aliyasema hayo uso ameugeuzia pembeni, kwa heshima.

Lakini baba hakuwa mtu wa kuamua haraka, na kompyuta iliendelea kuganda. Safari hii ni mama aliyemkalisha chini. Alitaka aelezwe kila neno alilosema fundi, kuongeza kunafanya nini, kubadilisha kunafanya nini, na kama ukibadilisha unatupa nini. Baba alieleza, mwanzoni kwa kusitasita kama mwanafunzi anayeulizwa kazi ya nyumbani, halafu kwa raha. Alikiri kuwa alikuwa ameipenda mno. Alisema siku alipopunguzwa kazini aliona aibu kurudi nyumbani mchana kama mgonjwa, na ile mashine ndiyo iliyomrudishia jina la karani. Akinunua nyingine atakuwa kama anayemkimbia aliyemfadhili. Mama alisikiliza akimaliza ukingo wa mkeka. Kisha akasema kiondolewe kilichooza na mengine yabaki, mbona nyumba ikioza nguzo huibomoi nyumba nzima. Ndivyo walivyofanya. Hashimu alirudi na ubao mwingine kutoka Dar, na mama akaketi pale pale mbele yake tangu mwanzo mpaka mwisho, akiuliza hiki nini na kile nini. Kijana wa watu alikuwa amekwishasimuliwa. Kila alipotaka kusema "mama" aliuma ulimi, akasema "ubao".

Alipoondoka, mama alisimama mbele ya ile skrini yenye chogo akamwambia baba, "Nifundishe. Nisisikie tena mambo ya nyumba yangu kwa mafundi."

Sasa nafika kwenye zile alasiri ambazo ndizo zilizonikalisha kitandani wiki iliyopita. Benchi lilijaa tena, si kama mwanzo, lakini lilijaa. Baba alivuta kiti kando na mama akakaa kwenye kiti chake. Alipiga kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano mkekani, na akiipata aliigonga kwa nguvu. Baba alikuwa anamsomea kutoka kwenye karatasi za wateja. Baba alikuwa na ulimi wa milimani, kwake ra na la ni ndugu wa tumbo moja, na mama aliandika alichokisikia. Barua ikawa balua. Mkurugenzi akawa mkulugenzi. Mteja mmoja alirudisha ombi lake la kazi akisema kaandikiwa kuwa ana uzoefu wa kufuga samaki wa malidadi. Mama alilisoma kwa sauti, akacheka mpaka akalaza kichwa juu ya vitufe na skrini ikajaa herufi moja kutoka juu mpaka chini. Baba akajitetea kwamba kosa ni la masikio ya bondeni. Mimi nilikuwa nasinzia kwenye mkeka, karibu na miguu yao, feni ya ile mashine inanipulizia joto usoni, na nilikuwa nasikia vidole viwili, halafu kimya, halafu sauti ya baba ikirudia neno polepole, herufi kwa herufi.

Sikupata mdogo. Shangazi Asha aliendelea kuja, akaendelea kupewa chai, na safari hizo aliimaliza. Kompyuta yenyewe ilidumu miaka michache zaidi, kisha umeme wa kweli ukafika na watoto wa stendi wakawa na mashine za kisasa, na siku moja haikuamka kabisa. Mama alitangulia mbele ya haki nikiwa chuo cha ualimu. Baba alikaa miaka kadhaa baada yake katika nyumba ile ile, akikataa kuja kuishi kwangu, kisha naye akamfuata. Nina picha zao za harusi na picha ya hati ya kusafiria ya baba, na hakuna hata moja inayofanana nao.

Picha inayofanana nao ni hii. Siku daraja la mto lilipofunguliwa, malori yalichukua watu bure kutoka Kibiti kwenda kuliona, na mji mzima ulitaka kwenda. Bwana Seif alikuwa amewasha jenereta tangu asubuhi kwa sababu ya wageni. Nilitaka twende sote watatu. Baba akasema ana kadi za harusi za watu na harusi ni kesho kutwa, na mama akasema, "Nenda na wenzio, utatusimulia." Nikapanda lori nimenuna. Lilipoanza kuondoka niligeuka, na kutoka kule juu nikaona ndani ya dirisha la sebule yetu. Vichwa viwili vimeinamia mwanga wa buluu. Kanga ya mama imeteleza begani. Baba amenyoosha kidole kwenye skrini, na mama anaukamata mkono wake kuuondoa ili aone vizuri. Nikawaita. Hawakusikia kwa sababu ya jenereta.

Huko darajani palikuwa na ngoma, viongozi, na watu wengi kupita nilivyowahi kuona. Usiku ule niliwasimulia kila kitu mpaka nikalala katikati ya sentensi. Leo ukiniuliza daraja lilikuwaje siku ile, siwezi kukwambia. Nilichokiona ni lile dirisha.